Tukipanga nyumba watatu, nitabakiwa na kitu kweli?

*Swali: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi, nina miaka 27, nimepanga chumba masta na sebule Kimara kwa 180,000 kwa mwezi. Rafiki zangu wawili, mmoja mwalimu na mwingine ana duka la vipodozi, wamepata nyumba ya vyumba vitatu kwa 420,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Iko ndani kidogo, kutoka kituoni ni boda ya 1,000. Wanasema tukiingia wote watatu nitapata hela ya kununua kiwanja. Kwa sasa natumia gesi ya 25,000, umeme wa 7,500, chakula kama 8,000 kwa siku, king'amuzi na intaneti 30,000, taka na ulinzi 5,000. Mama anasema mtu mwenye kazi yake hakai na watu kama mwanafunzi. Naomba unisaidie: ni kweli nitaokoa, au najidanganya?*

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nakupongeza, umekuja na hesabu mkononi. Wengi wanaoniuliza jambo hili huanza na kodi na kuishia kwenye kodi, na kodi peke yake haitoshi kukupa jibu.

Nikujibu kabla sijaeleza: ukiingia nyumba hiyo uliyoitaja utaokoa, lakini pungufu sana ya unavyoambiwa, na miezi sita ya kwanza utakuwa hujaona faida ya kodi hata kidogo. Ukitafuta na wenzako hao hao nyumba nyingine, hata ya bei kubwa zaidi, iliyo karibu na barabara, utaokoa zaidi. Najua linasikika kinyume. Twende nalo taratibu.

Tuanze na kodi, maana ndiyo iliyokuvutia. 420,000 kwa watatu ni 140,000 kila mmoja. Umepunguza 40,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa miezi sita. Lakini dalali hajalipwa. Hela ya dalali ni kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo kila mmoja wenu anatoa 140,000 nyingine. Imebaki 100,000. Hapo weka kirikuu cha kuhamisha vitu, mapazia ya madirisha ambayo hayalingani na ya kwako ya sasa, kitasa kipya cha chumba chako, na ile hela ya kuonyeshwa nyumba ambayo dalali huichukua hata kama nyumba hamkuipenda. Sitashangaa hiyo 100,000 ikiisha kabla hujalala usiku wa kwanza. Faida ya kodi inaanza kuonekana mwezi wa saba. Ndiyo maana nawaambia watu, kama hamna uhakika wa kukaa pamoja angalau mwaka mzima, msihame. Anayehama kila baada ya miezi sita anamfanyia kazi dalali.

Na kodi yako ya hapo ulipo inaisha lini? Hukuniambia. Kama umebakiza miezi mitatu, hiyo ni 540,000, na mwenye nyumba anayerudisha kodi iliyokwishalipwa ni wa kutafuta kwa tochi. Subiri iishe.

Sasa umeme, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapoumia bila kujua. Umeme wa 7,500 kwa mwezi nadhani maana yake unatumia kama uniti 61 na mita yako iko kundi la D1. Katika bei zilizoanza 2016, D1 ni ya matumizi madogo ya nyumbani: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na ukijumlisha VAT, tozo ya EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) na ya REA (wakala wa nishati vijijini) inakuwa 122. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, uniti ni 292, na kwa makato hayo hayo inafika 356.

Tuseme wenzako nao wanatumia kama wewe. Leo, mkiwa nyumba tatu tofauti, mnatumia jumla ya uniti 184 na kulipa 22,500. Mkiungana mnabaki na friji moja badala ya tatu. Kila friji ndogo tuikadirie uniti 30 kwa mwezi, hivyo mmepunguza 60, zimebaki 124. Mmetumia umeme kidogo zaidi, sivyo? Lakini nyumba inayotumia uniti 124 haina nafasi kwenye D1. Kwa T1, uniti 124 ni kama 44,000, yaani 14,700 kila mmoja. Umeme wenu umepungua, na bili yako imekaribia mara mbili.

Hakuna anayewaibia. Nafuu ile iliwekwa kwa ajili ya mita yenye matumizi madogo, na mita haijui kama ndani kuna mtu mmoja au watatu. Kwa hiyo yule atakayekwambia kwamba mkikaa pamoja kila kitu kinagawanyika kwa tatu, mwonyeshe LUKU yake, ile mita ya umeme wa kulipia kabla.

Mkienda kuiona nyumba kuna kipimo rahisi. Ombeni namba ya mita, mnunue umeme wa 1,000. Zikija uniti nane na kidogo, ni D1. Zikija 2.8, ni T1. Msifanye hivyo kama ndiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa sababu hapo kodi ya majengo inakatwa, na mtapata jibu la uongo. Hiyo kodi ya majengo nayo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kisheria ni ya mwenye nyumba. Ni haki yenu kumwomba aiondoe kwenye kodi yenu ya pango. Kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Si hela nyingi, lakini ni yake, si yenu.

Baada ya hilo zito, niseme kwa nini bado naamini katika kukaa pamoja.

Ndani ya nyumba kuna matumizi ya aina mbili. Kuna yanayoongezeka kila mtu anapoongezeka: sahani ya wali, sabuni ya kuogea, nauli. Na kuna yasiyojua hesabu ya watu: king'amuzi ni kimoja awe anaangalia mmoja au wanne, kijana wa taka anachukua hela kwa kaya, ulinzi shirikishi vilevile, jiko linawashwa mara moja, simtanki ni moja. Faida yote ya kuishi pamoja inatoka kwenye aina hii ya pili. Wachumi wa OECD, shirika la kiuchumi la nchi tajiri, wana kanuni wanayoitumia kulinganisha kaya: mahitaji ya kaya yanakua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Watu wanne hawahitaji mara nne ya mmoja, wanahitaji mara mbili. Watatu ni kama mara 1.7. Lakini kanuni hiyo inaihesabu kaya iliyochanganya kila kitu. Marafiki watatu wenye televisheni tatu, mitungi mitatu na vifurushi vitatu vya intaneti wamechangia paa tu. Hao hawataiona hiyo 1.7.

King'amuzi na intaneti: 30,000 inakuwa 10,000. Taka na ulinzi: 5,000 inakuwa 1,700. Haya sina haja ya kuyarefusha.

Gesi inastahili maneno zaidi kidogo. Maharage ya mtu mmoja na maharage ya watu watatu yanachemka karibu muda ule ule. Moto haupandi mara tatu kwa sababu sufuria imeongezwa vikombe viwili. Wewe mtungi wa kilo 6 unaumaliza kwa mwezi. Katika nyumba nilizokaa na wenzangu, mtungi wa kilo 15 ulikuwa unatufikisha wiki tano, tukipika jioni kila siku na chai asubuhi. Tukichukulia mtungi huo kwa 58,000, ni kama 50,000 kwa mwezi, 16,500 kila mtu. Umeokoa 8,500 bila kujinyima lolote.

Halafu sokoni. Mtu anayeishi peke yake ananunua kwa bei ya kupima, na bei ya kupima ndiyo ghali kuliko zote mjini. Mafuta ya kula ya kupimiwa kwenye chupa, nyanya za fungu, mkaa wa kopo, unga wa nusu kilo. Si kwamba hana akili ya kununua kwa wingi. Sado ya nyanya itamwozea. Nakumbuka nikiwa peke yangu nilivyokuwa nafungua friji Jumapili na kutupa nusu ya mchicha, karoti mbili zilizolegea na kipande cha samaki nisichokiamini tena. Ile ilikuwa hela. Watatu mnaweza kwenda Mabibo Jumamosi asubuhi mkarudi na sado, mkungu wa ndizi na viazi, na kufikia Ijumaa kapu ni tupu kwa kuliwa, si kwa kuoza. Dumu la mafuta la lita tano linakuwa na maana, na mchele mnaagiza gunia la kilo 25 mkagawana.

Lakini chakula ndicho kinachonipa wasiwasi zaidi kwako wewe, kwa sababu wewe ni muuguzi wa zamu. Mwaka 1998 Angus Deaton, ambaye baadaye alipata Nobel ya uchumi mwaka 2015, na mwenzake Christina Paxson waliandika juu ya fumbo moja. Nadharia inasema watu wakichangia nyumba na vitu vyake, wanabakiwa na hela, na kwa maskini hela hiyo ingeenda kwenye chakula: wangekula vizuri zaidi. Walipoangalia takwimu za nchi saba, tajiri na maskini, wakakuta kinyume. Kwa kipato kile kile kwa kila kichwa, kaya kubwa ilitumia pungufu kwenye chakula cha kila mtu. Wachumi wanabishana kuhusu sababu mpaka leo. Mimi si wa kulimaliza bishano hilo, ila nimeishi kwenye nyumba za kuchangia na kuna kitu kimoja nakijua: hesabu ya jumla ya chakula ikipungua, uliza sahani ya nani ndiyo iliyopungua. Wewe unarudi saa tatu usiku kutoka zamu ya jioni. Wenzio wameshakula. Unafunua sufuria unakuta ukoko na mchuzi usio na kitu. Mwisho wa mwezi unatoa theluthi sawa na wao.

Kwa hiyo kwenye chakula usikubali theluthi. Vitu vikavu, yaani mchele, unga, mafuta, sukari, chumvi, na gesi, changieni sawa. Mboga ihesabiwe kwa siku. Kwenye kalenda ya jikoni kila mtu anatia alama jioni aliyokula nyumbani, na mwisho wa wiki hela ya mboga inagawanywa kwa alama. Sahani ya asiyekuwepo inafunikwa kabla wengine hawajaanza kula. Hilo la mwisho liandikeni kabisa, lisibaki la hisani.

Umesema chakula ni 8,000 kwa siku. Nikikadiria 3,000 ni cha mchana kazini, hicho hakiguswi. Ile 5,000 ya nyumbani, kwa utaratibu huu, naiona ikishuka hadi 3,700 hivi. Kwa mwezi ni kutoka 240,000 mpaka kama 200,000.

Sasa tujumlishe. Peke yako unatumia 487,500. Pamoja, kwa nyumba hiyo: kodi 140,000, gesi 16,500, umeme 14,700, chakula 200,000, king'amuzi na intaneti 10,000, taka na ulinzi 1,700. Jumla 382,900. Umepunguza 104,600 kwa mwezi.

Umeandika kwa kupita tu, "ni boda ya 1,000". Hilo ndilo sentensi ya gharama kubwa kuliko zote katika barua yako. Kwenda na kurudi ni 2,000. Siku 22 za kazi ni 44,000. Kodi imekupunguzia 40,000, na bodaboda ameichukua yote na kudai 4,000 juu yake. Hapo bado sijahesabu usiku, ambapo bei haiwi ile ya mchana, na ambapo mimi kama dada yako sipendi uwe unasubiri boda kituoni peke yako. Wenzako wakisema mtapanda bajaji moja mchangie, ni kweli kwa mwalimu na mwenye duka. Zamu yako haitalingana na ratiba zao. Kwa hiyo 104,600 imebaki kama 60,000.

Chukua mfano mwingine. Tuseme mnapata nyumba ya 480,000 inayofikika kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi. Kodi yako 160,000, boda hakuna. Unabakiwa na karibu 84,600. Nyumba iliyopanda 60,000 imekuachia hela zaidi kuliko ile ya bei nafuu. Hii ndiyo ningekushauri muitafute.

Kuhusu kugawana kodi yenyewe, usikubali "sawa kwa sawa" kama vyumba si sawa. Atakayechukua masta anatumia choo peke yake, alipe zaidi. Kwa 480,000, ningepanga 180,000 kwa masta na 150,000 kwa vyumba vingine. Mkishindwa kukubaliana, kila mmoja aandike kwenye karatasi kiwango ambacho yeye yuko tayari kulipia masta. Mwenye kikubwa aichukue kwa bei hiyo, na wengine wapunguziwe. Nani anaitaka kweli mtamjua dakika hiyo hiyo.

Sasa mama. Mama yako hakosei kuogopa, ila nadhani anachoogopa si umasikini, ni ugomvi. Nimelelewa Magomeni kwenye nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba sita, uani choo na jiko la wote, na mita moja ya LUKU. Ukutani karibu na mlango wa uani palikuwa na karatasi ya daftari la mistari, imebandikwa kwa ugali, na peni imening'inia kwa uzi. Majina sita upande wa kushoto. Mbele ya kila jina palikuwa na vitu: taa, redio, feni, pasi. Kila kitu kilikuwa na kiasi chake. Mama mmoja alikuwa na friji ya kugandishia barafu za kuuza, na jina lake lilibeba sehemu mbili. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza. Miaka ile sikumbuki ugomvi wa umeme. Ulikuja baadaye, alipohamia mpangaji aliyesema karatasi ni ya kishamba, watu wazima wanaaminiana. Ikatolewa. Mwezi wa pili tukalala giza siku nne, kila mmoja akisubiri mwenzake anunue, na aliyetoa karatasi alikuwa na pasi ya umeme na jiko la koili chumbani. Watu waliofuturu pamoja Ramadhani nzima walimaliza mwaka hawasalimiani.

Kwa hiyo mwambie mama kwamba mtaandika. Majina yote matatu yaingie kwenye mkataba, si jina moja, na mkataba mfanyie mbele ya serikali ya mtaa. Jina likiwa moja, hao wawili ni wageni tu kisheria, na huyo mmoja akikosana na mwenye nyumba mnatoka wote. Kisha ninyi watatu muwe na karatasi yenu pembeni. Jambo kubwa ndani yake ni la kuondoka, kwa sababu mtaondoka tu: mwalimu anaweza kuhamishwa kituo, mwenye duka anaweza kuolewa, wewe unaweza kwenda kusoma. Anayeondoka atoe taarifa miezi miwili kabla, atafute wa kuziba nafasi ambaye wawili waliobaki wamemkubali, na kodi yake iliyobaki arudishiwe na huyo anayeingia, si na waliobaki. Bila hili, siku mmoja akiondoka ghafla, kodi ya watatu mtailipa wawili, na kiwanja chako kitaondoka naye.

Muwe pia na akiba ya nyumba. Kila mmoja aweke 30,000 mwanzoni, mfuko wa 90,000, ili mmoja akichelewa mshahara msilale giza wala gesi isikatike. Anayechukua anarejesha. Iwekeni M-Koba, huduma ya simu ya akiba za vikundi, au popote pale ambapo mmoja hawezi kutoa bila wengine kuona.

Na kodi ya miezi sita ijayo anzeni kuitenga tangu mwezi wa kwanza, kila mwezi sehemu yake. Kwa nyumba ya 480,000, hiyo ni 960,000 kwa kila mmoja ifikapo mwisho wa muda. Mwenzio ambaye hajaweka kitu mpaka mwezi wa tatu, mjue mapema.

Nirudi kwenye kiwanja, maana ndicho ulichoniandikia. Hii 84,600 haitajikusanya yenyewe. Nimewaona watu waliohamia pamoja, wakaokoa kweli, na baada ya mwaka hawakuwa na kitu. Haikuliwa na mtu mbaya. Ilikwenda kwenye wageni wa wikiendi, kwenye sofa mpya ya sebule ambayo kila mmoja alichangia na hakuna anayeweza kuondoka nayo, kwenye chipsi kuku za Ijumaa kwa sababu "siku hizi tunabana matumizi". Siku mshahara unapoingia, kabla hujanunua hata umeme, toa 80,000 upeleke mahali pasipo kwenye simu yako ya kila siku. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa, hela inapatikana ukiihitaji lakini haiko mkononi. Kwa mwaka ni 960,000. Ukitoa ya dalali na kuhama mwaka wa kwanza, bado una zaidi ya 700,000 ambazo leo huna.

Vitu vya sebuleni, kila kimoja kiwe cha mtu mmoja kwa jina. Friji iwe yako, televisheni ya mwalimu, makochi ya mwenye duka. Msinunue kitu kwa kuchangia isipokuwa kinachoisha, kama gesi na mchele.

Jumamosi hii mkienda kuangalia nyumba, nenda jioni, saa moja hivi, si mchana. Tembea kwa miguu kutoka kituoni mpaka getini, uone kama kuna taa njiani. Muulize jirani, si dalali, maji ya DAWASA yanatoka siku ngapi kwa wiki. Nunua ule umeme wa 1,000. Halafu niandikie zimekuja uniti ngapi.